Mwanafunzi Amekwama kwenye Kazi ya Fasihi: Kutambua Chanzo na Kusaidia bila Kumpa Jibu

Katika hisabati, ukimwambia mwanafunzi kwamba jibu ni 42, bado atalazimika kuonyesha njia aliyoipitia. Katika fasihi, ukimwambia kwamba mlango uliofungwa katika sura ya kwanza unaashiria moyo wa mhusika, umekwisha kumfanyia kazi yote. Kilichobaki kwake ni mwandiko. Ndiyo maana anayemsaidia mwanafunzi wa fasihi, awe mzazi, mwalimu wa ziada, kaka au dada, hutoa jibu mara nyingi bila hata kujua kwamba amelitoa. Sentensi moja inatosha.

Nimesaidia kazi za namna hii kwa muda mrefu, na kosa ninaloliona zaidi, kwangu na kwa wengine, ni kuitibu dalili kabla ya kukijua chanzo. Wanafunzi wawili wanaweza kusema maneno yale yale, "Sielewi hili swali," ilhali mmoja hajasoma kitabu na mwingine amekisoma mara mbili lakini hajui neno "tathmini" linamtaka afanye nini. Ukiwapa wote wawili dokezo moja, wa kwanza atalipokea kama jibu na wa pili halitamfaa. Kwa hiyo kila dalili iliyomo humu imefuatiwa na vyanzo vyake, namna ya kuvitofautisha, na hatua ya kuchukua ambayo haimnyang'anyi mwanafunzi kazi yake.

Dalili: Anasema "sijui", au ananyamaza

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote na ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa sababu ina vyanzo visivyopungua vinne: hajasoma, amesoma bila kuelewa, ameelewa hadithi lakini halielewi swali, au ana jibu lakini anaogopa kwamba ni baya.

Anza na kipimo chepesi. Mwombe afunge kitabu akusimulie kilichotokea katika sehemu inayohusika, kwa dakika moja, bila kumkatiza. Asiyesoma atasimulia yaliyo kwenye jalada la nyuma na kurasa kumi za mwanzo, kisha ataanza kusema "halafu mambo yakaendelea." Huyu hahitaji dokezo lolote, anahitaji kurudi akasome, nawe ukimpa kidokezo cha uchambuzi utakuwa umemfundisha kwamba kusoma si lazima. Kama muda umebana, mpunguzie eneo: kurasa nane ambazo swali linazigusa, azisome sasa hivi wakati wewe unafanya shughuli nyingine.

Aliyesoma bila kuelewa atasimulia matukio kwa mpangilio mbovu au atawachanganya wahusika. Mwambie achore karatasi ndogo yenye majina ya wahusika na mistari ya uhusiano wao: nani ni mzazi wa nani, nani anamdai nani, nani anamficha nani. Mara nyingi kukwama kote kunatokana na kiwakilishi kimoja tu, pale ambapo "yeye" wa aya ya tatu alidhaniwa kuwa mtu mwingine.

Akisimulia vizuri lakini akakwama mbele ya swali, tatizo limo ndani ya swali lenyewe. Mpe kalamu apigie mstari vitu vitatu: kitenzi cha amri (eleza, jadili, linganisha, thibitisha, tathmini), jambo linaloulizwa, na mipaka iliyowekwa, kwa mfano "katika sehemu ya pili pekee" au "kwa kutoa mifano minne". Kisha aliandike swali upya kwa maneno yake. Kumfafanulia maana ya kitenzi cha amri si kumpa jibu. "Linganisha" inadai kufanana na kutofautiana, "kwa kiasi gani" inadai kupima pande mbili, na mwanafunzi ana haki ya kuyajua hayo kabla hajaanza. Kwa swali la dondoo linalotaka muktadha, mkumbushe mambo yanayotafutwa, yaani msemaji, anayesemeshwa, mahali na sababu ya maneno hayo, lakini ukurasa autafute mwenyewe. Ikibidi kusaidia, taja sura, usitaje aya.

Chanzo cha nne, hofu, hutambulika kwa macho: mwanafunzi anakutazama wewe badala ya kukitazama kitabu. Mara nyingi tunaiongeza hofu hiyo kwa haraka yetu wenyewe. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alichunguza madarasa ya sayansi, na katika maandishi yake ya mwaka 1974 alionyesha kwamba walimu, baada ya kuuliza swali, walisubiri kwa wastani wa sekunde moja tu kabla ya kulirudia, kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Walipojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na idadi ya wanafunzi walioshindwa kabisa kujibu ilipungua. Yeye alikuwa kwenye sayansi, ila sioni kwa nini fasihi, ambayo maswali yake hayana jibu la mkato, ihitaji muda mfupi zaidi. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Utaona sekunde tano za ukimya zilivyo ndefu, na utaelewa kwa nini huwa tunazikimbia.

Dalili: Anasimulia badala ya kuchambua

Swali linasema "Eleza hali ya moyo wa baba katika dondoo hili," na dondoo lenyewe, tuseme, ni hili:

"Baba aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, kisha akauliza kama saa ya ukutani imetiwa betri."

Mwanafunzi anaandika: "Baba alipokea barua, akaikunja na kuiweka mfukoni, halafu akauliza habari za saa." Yote ni kweli, wala hakuna alama hata moja ndani yake.

Chanzo kwa kawaida si uvivu. Mwanafunzi ameziona habari, lakini hajatambua kwamba mwandishi alichagua. Kwake barua imekunjwa mara nne kwa sababu ilikunjwa mara nne, kana kwamba yeye anasoma ripoti na mwandishi alikuwa shahidi tu. Mpaka atambue kwamba kila neno lingeweza kuwa neno jingine, hatakuwa na cha kuchambua.

Hapa wasaidizi wengi huuliza, "Je, huoni kwamba baba anaficha jambo?" Hilo ni jibu lililovishwa alama ya kuulizia. Mwanafunzi ataitikia "ndiyo" na kuandika "Baba anaficha jambo," na wote wawili mtaridhika. Kipimo changu ni hiki: kama swali langu linaweza kujibiwa kwa "ndiyo" na kazi ikawa imekwisha, basi nimeshajibu.

Njia inayofanya kazi vizuri ni kufuta na kubadilisha. Mwambie afiche maneno "mara nne" kwa kidole, asome tena, kisha aseme kilichopotea. Halafu abadilishe swali la baba: badala ya kuuliza habari za saa, aulize "Nani kaleta barua hii?" Sentensi imebadilika vipi? Hujamwambia kwamba kuna wasiwasi, hofu wala siri. Umempa chombo cha kupimia, na atakachokiona kitakuwa chake. Niliwahi kumfanyisha mpwa wangu zoezi hili, na mazungumzo yalikwenda hivi:

"Ukiondoa 'mara nne', umepoteza nini?"

"Hakuna, Mjomba. Barua bado imekunjwa."

Nikanyamaza. Akachukua karatasi iliyokuwa mezani, akaikunja mara moja, mbili, tatu. Mara ya nne alilazimika kuikandamiza kwa kidole gumba.

"Imekuwa ndogo sana," akasema. "Huwezi kujua kama ni barua."

"Haya. Andika hilo kwanza, kabla hatujaenda kwenye saa."

Mimi mwenyewe sikuwa nimewaza habari ya udogo wa karatasi. Nilikuwa nikifikiria mikono inayorudia tendo moja kwa wasiwasi. Laiti ningemwambia langu, lake lisingezaliwa, na lake lilikuwa zuri zaidi.

Akishaliona jambo, mara nyingi atakwama tena kwenye kuliandika, na huko kuna dawa nyepesi: sentensi yake iwe na "mwandishi" kama mtendaji angalau mara moja katika kila aya. "Mwandishi anamfanya baba aulize habari za saa ili..." Mwanafunzi anayelazimika kumaliza sentensi iliyofika "ili" hawezi tena kusimulia tu.

Dalili: Anataja mbinu kisha anaishia hapo

"Hapa kuna tashbihi. Hapa kuna takriri. Hapa kuna tashihisi." Karatasi inafanana na orodha ya vifaa vya ghalani. Chanzo kinaeleweka: mwanafunzi amefundishwa kutambua tamathali na mbinu kwa alama zake za nje ("kama" au "mithili ya" kwa tashbihi, neno lililorudiwa kwa takriri, kitu kilichopewa tabia za mtu kwa tashihisi), na kutambua kumemletea alama mtihanini, hivyo anadhani safari imefika mwisho.

Usimweleze athari ya mbinu hiyo katika matini yake. Chukua mfano ulio nje kabisa ya kazi aliyopewa, uuchambue mbele yake kwa sauti, kisha umwachie kazi yake. Chukua sentensi yoyote unayojitungia: "Alimtazama mgeni kama mtu anayehesabu noti bandia." Mwonyeshe unavyoifikiria: kinachofananishwa ni mtazamo, kinachofananishwa nacho ni kuhesabu noti bandia, anayehesabu noti za namna hiyo anakagua na hana imani, kwa hiyo mgeni ameshahukumiwa kabla hajafungua kinywa. Umefanya uchambuzi kamili mbele ya macho yake, wala hujagusa hata neno moja la kazi yake. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia salama kuliko zote katika fasihi, na nashangaa kwamba haitumiki zaidi. Wenye haraka huiona ndefu, ingawa huchukua dakika tatu.

Dalili: Shairi limemshinda kabisa

Hapa inafaa kutulia, kwa kuwa ushairi ndio unaowafanya wasaidizi wengi wakate tamaa na kufasiri shairi zima wenyewe.

I. A. Richards, mhakiki aliyefundisha Cambridge, aliwagawia wanafunzi wake mashairi bila kuwatajia watunzi, akawaomba waandike maoni yao kwa uhuru. Matokeo aliyochapisha mwaka 1929 yalionyesha kwamba kikwazo cha kwanza kwa wasomaji wengi kilikuwa kushindwa kupata maana ya kawaida ya shairi, yaani kile kinachosemwa tu, kabla hata ya kufika kwenye ishara na hisia. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Basi mwanafunzi wako wa sekondari anaposema "sielewi," msadiki, na uanzie hapo hapo.

Tuchukue ubeti huu niliouunda kwa ajili ya zoezi:

Mtumbwi nilouchonga, kwa shoka langu la kale,
Njia maji yakifunga, huku na ng'ambo ya kule,
Wapanda walonipinga, wakacheka siku zile,
Kasia nikilichunga, nawapisha wende mbele.

Mwanafunzi atasoma mishororo minne na kusema kwamba inahusu mtumbwi. Vyanzo vya kukwama kwake vinaweza kuwa vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni maneno yaliyofupishwa. "Nilouchonga" ni "niliouchonga", "walonipinga" ni "walionipinga", "wende" ni "waende". Hii ni inkisari, na sababu yake inahesabika: kila kipande kina mizani, yaani silabi, 8, mshororo mzima 16, na "mtumbwi niliouchonga" ingefikisha 9. Mwache ahesabu kwa vidole, kisha aandike maneno kwa ukamilifu wake juu ya mstari. Maana ya neno la lahaja au la zamani asilolijua mtajie au mpe kamusi bila kusita. Kumfanya mwanafunzi abahatishe maana ya msamiati mgumu ni kumpotezea muda, na wala halikuwa swali aliloulizwa.

Cha pili ni mpangilio wa maneno. Mtunzi ameuboronga utaratibu wa kawaida wa sarufi: mtumbwi umetangulia, kitenzi kimekuja mshororo wa tatu, na mtenda amekuja baada ya kitenzi. "Njia maji yakifunga" inaweza kumfanya msomaji adhani kwamba njia ndiyo inayofunga. Swali la kuuliza ni la kisarufi tu: "Nani anapanda? Anapanda nini? Ni nini kinachofunga, na kinafunga nini?" Viambishi vitamwongoza, kwa sababu "ya-" haiwezi kuwa ya njia. Baada ya hapo aandike ubeti kwa lugha ya nathari, yaani sentensi za kawaida. Akifikia kuandika kwamba waliompinga msemaji na kumcheka siku zile, leo wanaupanda mtumbwi alioutengeneza kwa shoka lake la kale wakati maji yamefunga njia kila upande, amevuka kikwazo kile alichokibaini Richards, na amekivuka kwa miguu yake.

Cha tatu ni kumchanganya mtunzi na nafsineni, yaani yule anayesema ndani ya shairi. Mwanafunzi ataandika, "Mtunzi ni fundi wa mitumbwi." Muulize kama ubeti huo huo ungeweza kuandikwa na mtu asiyewahi kushika shoka, kisha umwache.

Baada ya hayo ndipo uchambuzi wenyewe unapoanza, na hapo msaidizi lazima ajizuie kwa nguvu zake zote. Je, nafsineni amewasamehe wale waliomcheka? Mshororo wa mwisho una "nawapisha", ambalo ni neno la ukarimu, na una "kasia nikilichunga", ambalo linaacha uamuzi wote wa safari mkononi mwa mtu mmoja. Nimeyataja hapa kwa sababu nazungumza nawe msaidizi, kwa mwanafunzi ningeuliza tu, "Neno gani katika mshororo wa mwisho linaunga mkono jibu lako? Kuna neno jingine linalolipinga?" Swali hili la pili ni la thamani, kwa maana linamfanya apime ushahidi bila kujua wewe uko upande gani. Kama hujui wewe mwenyewe uko upande gani, ni afadhali zaidi.

Dalili: Dhamira imekuwa neno moja

Ukimuuliza dhamira ya riwaya atasema "umaskini", au "mapenzi", au "usaliti". Hapo ametaja mada tu na hajasema mwandishi anadai nini kuhusu mada hiyo. Mwambie aligeuze neno lake kuwa sentensi ambayo mtu mwingine anaweza kuikataa. "Umaskini" haukataliki, "Umaskini katika riwaya hii unawavunja wanaoficha shida zao kuliko wanaozisema" unakatalika, na kwa hiyo unahitaji ushahidi. Sentensi ya kwanza atakayoitoa pengine itakuwa dhaifu. Usiiboreshe. Muulize ni tukio gani katika kitabu linaloipinga, naye atairekebisha mwenyewe.

Dalili: Jibu limeiva mno

Mwanafunzi ambaye juzi alikuwa akiandika sentensi za maneno saba ameleta aya yenye "mkinzano wa kiitikadi baina ya nafsi na jamii". Chanzo ni mwongozo wa kitabu, rafiki wa darasa la mbele, au programu ya akili mnemba. Kumtuhumu hakusaidii, na mara chache utaweza kuthibitisha. Muulize maswali mawili kwa upole: "Hili uliliona ukurasa gani?" na "Ungemweleza vipi mdogo wako maana ya mkinzano wa kiitikadi?" Akijibu, ni lake, hata kama alilipata kwingine. Asipojibu, yeye mwenyewe ameshajua.

Tofautisha hata hivyo kati ya aliyenakili kwa sababu ya uzembe na aliyenakili kwa sababu anaamini kwamba fasihi ina jibu moja la siri ambalo wengine wanalijua na yeye halijui. Huyu wa pili ni wengi kuliko tunavyodhani. Imani hiyo haiondoki kwa maneno. Huondoka pale anapokuona wewe, mtu mzima, ukibadilisha maoni yako kuhusu dondoo kwa sababu yeye amekuonyesha neno ambalo hukuliona. Mtie moyo autumie mwongozo mwishoni badala ya mwanzoni, kama mtu wa kubishana naye: aandike lake, kisha afungue mwongozo aone wamekubaliana wapi na wameachana wapi.

Kuna sababu nyingine ya kumtaka aandike lake kwanza. Mwaka 1978 wanasaikolojia Slamecka na Graf walionyesha kwamba watu hukumbuka vyema zaidi maneno waliyoyazalisha wenyewe kuliko yale waliyoyasoma tu yakiwa tayari. Jaribio lao lilihusu jozi za maneno, si insha za fasihi, na sipendi kulibebesha mzigo usio wake. Lakini yeyote aliyewahi kumwona mwanafunzi akishindwa kukumbuka aya aliyoinakili wiki iliyopita hatalishangaa.

Dalili: "Niangalizie tu kama ni sahihi"

Anauliza baada ya kila sentensi, na polepole kazi inaandikwa kwa kura yako. Chanzo ni kwamba amekugeuza kuwa kitufe: anabonyeza, unamulika kijani au chekundu. Kataa kuangalia sentensi moja moja. Mwambie alete aya nzima, na kando ya kila dai aandike namba ya ukurasa. Kisha wewe angalia ukurasa, usiangalie dai. "Umesema ana wivu, na umeandika ukurasa wa 61. Nionyeshe neno." Mara nyingi atalirekebisha dai lake akiwa bado anatafuta neno.

Pale tatizo linapokuwa msaidizi

Kama umejaribu yote na bado majibu yanafanana na yako, jichunguze. Mpwa wangu ndiye aliyenifichulia langu: aligundua kabla yangu kwamba anapokaribia jibu ninainua nyusi, na anapokosea ninajikuna shingo. Alikuwa akitaja sifa za wahusika moja baada ya nyingine, "mkali, mchoyo, mnafiki," huku akinitazama usoni, mpaka nyusi zinapanda. Tangu hapo huwa nakaa ubavuni mwake, wote tukikitazama kitabu, na kalamu inakuwa mkononi mwake muda wote. Msaidizi anayeshika kalamu ataandika tu, hata akiapa.

Kosa jingine ni kupanda ngazi ya madokezo kwa kuruka. Watafiti Wood, Bruner na Ross, katika utafiti wao wa mwaka 1976 kuhusu mtu mzima anavyomsaidia mtoto wa miaka 3 hadi 5 kuunganisha vipande vya mbao, walitaja miongoni mwa kazi za msaidizi kupunguza wigo wa kazi ili mtoto ashughulikie sehemu anayoimudu, na kuonyesha vipengele vinavyostahili kuangaliwa. Yote mawili yanawezekana katika fasihi bila kutoa jibu. Dokezo jepesi kabisa ni kumrudisha kwenye swali. Linalofuata ni kupunguza eneo ("iko kati ya aya ya pili na ya nne"). Kisha kuelekeza jicho ("tazama vitenzi tu, achana na mengine"). Kisha kuchambua mfano wa nje kama ule wa noti bandia. Tumia moja, nyamaza, umwone anafanya nini. Akifanikiwa, safari ijayo anza na lililo jepesi zaidi. Wengi wetu huanzia juu kabisa kwa sababu tunataka kwenda kulala.

Nayo inabidi ikubalike kwamba kuna mambo ya kusemwa wazi. Mwaka kitabu kilipoandikwa, mazingira ya kihistoria ambayo matini inayataja bila kuyaeleza, maana ya istilahi kama "mbinu rejeshi" au "taharuki", matamshi ya jina: hayo mwambie. Msaidizi anayejibu kila kitu kwa swali humchosha mtoto na kumfanya aone kwamba anachezewa.

Dalili: Kazi imekwisha, lakini bado ina kosa

Usiku umeingia, kazi inatakiwa asubuhi, na wewe unaliona kosa. Kama ni la ukweli wa matini, kwa mfano amempa mhusika maneno ya mwingine, mwambie arudi kwenye ukurasa fulani athibitishe msemaji. Humpi uchambuzi wowote kwa kumwambia hivyo. Kama ni fasiri ambayo wewe huikubali lakini ameiegemeza kwenye maneno yaliyomo, iache. Kama ni hoja dhaifu isiyo na ushahidi na muda umekwisha, iache pia, ingawa hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu mwalimu wake anahitaji kuiona ili ajue darasa limekwama wapi. Mwambie mwanafunzi aandike kwa penseli pembeni ya hoja hiyo: "Hapa sikupata mfano." Mwalimu akisoma maneno hayo matatu manne atajua kesho aanzie wapi.